Kabla hujapeleka orodha ya vipaumbele vya uendelevu kwa bodi, nenda kwanza kwa wanaolipa mkopo

Juzi dada mmoja wa sako (chama cha kuweka na kukopa) huko Fort Portal kanipigia simu, bodi yao imemwambia alete orodha ya vipaumbele vya uendelevu, yani mambo ya mazingira na jamii ya kushughulikia kwanza, kabla mwezi haujaisha na hajui aanzie wapi. Nikaanza kumwelezea, salio likaisha, nikamwambia subiri nitaandika. Sasa naandika kwa ajili yake na kwa yeyote mwenye kazi kama hiyo. Mimi nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye kampuni moja ya mikopo, jina naliacha, yenye makao makuu Kampala na matawi mpaka Kasese na Bwera kule karibu na mpaka wa Kongo pale Mpondwe, na haya mambo ya mazingira na jamii yaliwekwa mezani kwangu nikiwa sijawahi kuyasomea.

Mara ya kwanza tulikosea na bado inaniuma. Tulikaa watu saba kwenye chumba cha mikutano, tukafungua ripoti za mabenki makubwa, tukaokota humo mambo ishirini na kitu: kupanda miti, kupunguza karatasi, taa za kuokoa umeme, wanawake kwenye uongozi, mafunzo kwa wafanyakazi. Tukatengeneza dodoso la Kiingereza, weka alama moja mpaka tano, tukalituma kwa barua pepe. Waliojibu karibu wote ni wafanyakazi wetu wenyewe, mwekezaji mmoja na mkaguzi. Mkopaji hakujibu hata mmoja, na angejibuje wakati wengi wao hawana barua pepe na simu zao ni zile za batani? Lakini tukachora grafu nzuri yenye vidoto, bodi ikapitisha, na ripoti ikasema tumeshauriana na wadau.

Taa za ofisini ndizo zilikuwa juu kabisa kwenye ile grafu. Sasa hebu fikiria, umeme wa gridi hapa Uganda mwingi unatoka kwenye maji, mabwawa ya Nalubaale, Bujagali, Isimba, Karuma, kwa hiyo ukizima taa tatu Kampala umeokoa pesa kidogo, ni vizuri, ila mazingira hujayagusa. Kampuni ya fedha haina bomba la moshi, mguso wake mkubwa uko kule pesa inakoenda. Tulikuwa tunakopesha wachoma matofali, na tanuru la matofali linakula kuni za lori zima. Tulikuwa tunakopesha wakulima wa kahawa mlimani, watu wa boda, kina mama wanaovusha bidhaa kwenda Kongo. Hata wale wanaopima hewa chafu za makampuni wana fungu maalum kwa ajili ya uwekezaji na mikopo, na kwa taasisi ya fedha fungu hilo ndilo kubwa mara nyingi. Sisi tulikuwa tunahesabu karatasi za printa.

Mwaka uliofuata nikaomba ruhusa niende Bwera na mwenzangu mmoja. Tukaalika wakopaji arobaini kwenye ukumbi wa shule, wakaja sita. Nilivunjika moyo kweli, nikadhani watu hawajali. Mzee mmoja kati ya wale sita ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, mmetuita siku ya soko. Nani aache meza yake aje kukusikiliza wewe?" Tangu siku hiyo sipangi mkutano bila kumuuliza mtu wa pale pale siku gani watu wana nafasi. Tukaacha ukumbi, tukawafuata vikundi vya kuweka na kukopa kwenye mikutano yao ya kila wiki, tunakaa nyuma mpaka wamalize kuhesabu pesa zao, halafu tunaomba nusu saa. Mlimani tuliongea Lukonzo kupitia mkalimani tuliyemlipa (usimtumie afisa mikopo kuwa mkalimani, watu hawatamsema mbele yake), sokoni Mpondwe tuliongea Kiswahili moja kwa moja manake wafanyabiashara wa pande zote mbili za mpaka wanaelewana kwa Kiswahili.

Na neno uendelevu lenyewe liache ofisini, ukiuliza mtu "kipaumbele chako cha uendelevu ni nini" atakujibu anachodhani unataka kusikia, atasema miti. Sisi tulibaki na maswali matatu tu. Mkopo wetu umewahi kukuharibia nini, wewe au jirani yako? Mwaka ambao ulishindwa kulipa, nini kilitokea? Na ungekuwa wewe ndo meneja ungebadilisha nini kesho asubuhi? Ukishauliza nyamaza. Ile dakika ya kwanza ya ukimya ni ngumu, unatamani uijaze na maelezo, vumilia tu.

Tuliyoyasikia hayakuwepo kwenye ile orodha yetu ya Kampala, karibu yote. Watu walisema hawajui wanalipa nini: wameambiwa riba ni kiasi fulani, siku ya kupokea pesa wanakuta imekatwa ada ya fomu, bima, na kitu kingine kisichokuwa na jina. Wakulima wa kahawa walisema marejesho yanaanza mwezi unaofuata wakati kahawa bado ni maua, na msimu mkubwa ni miezi ya mwisho wa mwaka, kwa hiyo wanauza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa ili walipe awamu ya kwanza. Vijana wa boda walilalamika kwamba wakichelewa siku mbili afisa anawapigia simu mpaka shemeji na mchungaji, na hapo nilishtuka maana tuna sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na sisi kwenye makaratasi tulikuwa tunasema tunaifuata.

La mwisho nilisikia nyumbani kwa mama mmoja, hakutaka kulisema kwenye kikundi. Sheria ya ardhi inataka mwenzi aridhie kabla ardhi ya familia haijawekwa dhamana. Huyu mama sahihi yake ilikuwepo kwenye faili letu, niliiona mimi mwenyewe niliporudi tawini. Ila aliniambia fomu aliletewa jikoni akiwa anapika, ya Kiingereza, mume kasimama mlangoni na afisa wetu anaangalia saa, akaambiwa weka kidole hapa. Alijua kwamba shamba limewekwa rehani siku walipokuja kulipima kwa ajili ya kuliuza. Faili limekamilika, mkaguzi angelipitisha bila swali. Nilirudi gesti nikashindwa kula.

Hapa ndipo nataka dada yangu wa Fort Portal asome polepole, maana hapa ndo wengi wanapotea. Ukishakusanya maneno yote utashawishika kuhesabu, jambo lililotajwa na watu wengi linakuwa namba moja. Usifanye hivo. Hii si kura. Foleni ndefu tawini ililalamikiwa karibu na kila mtu, ile ya sahihi ya jikoni ilisemwa na wanawake watatu tu na kwa sauti ya chini. Viwango vya Global Reporting Initiative (GRI), shirika linaloandika namna makampuni yanavyoripoti mambo ya uendelevu, ile sehemu ya GRI 3 ya mwaka 2021 inayohusu kuchagua mambo ya msingi, vinakutaka upime kila athari kwa uzito wake: ubaya wake ni kiasi gani, imewagusa watu kwa upana gani, na je ikishatokea inarekebishika. Halafu kwa zile ambazo bado hazijatokea unaongeza uwezekano wa kutokea. Na wakasema wazi kwamba jambo likigusa haki za binadamu, uzito unatangulia kabla ya uwezekano. Foleni inaudhi, kesho unaongeza dirisha la pili imeisha. Shamba likishauzwa halirudi, na watoto wanaolala pale hawana pa kwenda. Kwa hiyo dhamana ya ardhi ikapanda juu hata kama waliosema ni wachache. Afisa mmoja wa Kampala alinibishia sana, ati data haitoshi. Nikamwambia hapa hatutafuti wastani.

Hiyo grafu ya vidoto nayo wala haina ulazima tena kwenye toleo hilo la GRI, kama unaipenda chora, ila usitumie siku tatu kuipaka rangi.

Upande wa pili ni kugeuza swali, yani dunia inaifanya nini kampuni yetu. Wawekezaji wanalipenda zaidi hili, na vile viwango vya kimataifa vya IFRS S1 na S2 vilivyotoka Juni 2023, vya kuwaripotia wawekezaji hatari za uendelevu na za tabianchi, vimekaa upande huu. Kwetu Kasese mifano haikuwa ya kutafuta. Mto Nyamwamba ulifurika 2013, ukafurika tena Mei 2020 ukaharibu mpaka hospitali ya Kilembe, na mteja aliyepoteza nyumba na duka kwa usiku mmoja mkopo wake haulipiki, hata umtumie nani. Machi 2020 mpaka wa Kongo ukafungwa kwa ajili ya korona, wafanyabiashara wadogo wa Mpondwe wakakaa nyumbani. Na sasa kuna sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inayokataa kahawa iliyotoka shamba lililokatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, utekelezaji umekuwa ukisogezwa mbele lakini wanunuzi wameshaanza kutaka ramani ya kila shamba. Mkulima asiyeweza kuonyesha shamba lake liko wapi atauza kwa nani, na sisi tuliomkopesha tutalipwa na nini? Hilo lilitoka kwa meneja wa ushirika wa kahawa, kule Kampala hakuna aliyekuwa akiliwaza.

Mwekezaji wetu alitaka mabadiliko ya tabianchi yawe namba moja, wakopaji hawakutamka neno hilo hata mara moja. Mwanzoni tuliona kama ni mvutano. Lakini tulipokaa na karatasi zote mbili tukaona wanasema jambo lilelile kwa midomo tofauti: mvua imebadilika, mto unafurika, kahawa inachelewa, na ratiba yetu ya marejesho imekaa palepale kama jiwe. Tukaliandika kwa maneno ya wakopaji, marejesho yafuate msimu na kuwe na nafuu ya maafa, na mwekezaji akaelewa haraka kuliko tulivotegemea.

Mambo mengine niyapitie haraka. Maafisa mikopo wasikilize peke yao bila mameneja, wao ndo wanajua kwamba wanapimwa kwa kiasi cha mikopo waliyotoa na ndiyo maana fomu inapelekwa jikoni. Watafute walioacha kukopa kwako, wana ya kusema kuliko waliopo. Waulize na majirani wa lile tanuru la matofali ambao hawajawahi kuchukua hata shilingi yako. Mdhibiti, iwe Benki Kuu au ile mamlaka ya taasisi ndogo za fedha iliyotokana na sheria ya 2016, mfuate mapema, usimpelekee kitu kilichokwisha. Na ukimtoa mtu kazini kwake kuja kukupa mawazo, mlipe nauli na soda.

Bodini nilienda na mambo sita badala ya ishirini na mbili. Gharama kuwa wazi, dhamana ya ardhi na ridhaa ya mwenzi, ratiba na maafa, faragha na namna ya kudai, nini tunakopesha kinachoharibu misitu na mito, na vipimo vya maafisa wetu wenyewe. Nilimwomba mkuu wa tawi la Bwera asome ile habari ya jikoni, bila jina la mtu, kabla sijaonyesha namba yoyote. Mjumbe mmoja akauliza hili lina uhusiano gani na uendelevu. Mwenyekiti ndiye aliyemjibu, akamuuliza kampuni inayouza mashamba ya wateja wake itamkopesha nani baada ya miaka kumi. Likapita, siyo lote. La tanuru za matofali lilipingwa kwa sababu lina faida, tukakubaliana tuanze kwa kutokopesha matanuru mapya kandokando ya mto.

Halafu tukarudi. Makampuni mengi hayarudi, na ndiyo maana ukienda mara ya pili watu wamechoka na wewe. Tulikwenda na karatasi moja, upande mmoja Lukonzo upande mwingine Kiswahili, ina mambo waliyosema, tuliyokubali, tuliyokataa na kwa nini, na mengine mawili matatu tuliyoandika "tunaangalia". Katibu wa kikundi aliisoma kwa sauti mpaka mwisho. Alipofika kwenye ratiba ya kahawa, ambayo ilikuwa kwenye hayo ya kuangalia, akaweka kidole pale akaniuliza, "Mnaangalia mpaka lini?" Sikuwa na jibu. Nikatoka nje nikampigia mkuu wa mikopo Kampala, tukabishana pale uani kama dakika ishirini, nikarudi ndani na tarehe, na katibu akaiandika kwa kalamu yake pembeni ya karatasi.