Nyumba zimepigwa X: nizipigeje picha?

SWALI: Mtaani kwetu, pembezoni mwa Jiji la Dodoma, nyumba zimepigwa X nyekundu. Majirani wameniomba niwapigie picha kabla ya kubomolewa. Nianzeje? Na mbona nyuso zinatoka nyeusi?

JIBU: Jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha omba ruhusa nyumba kwa nyumba. Mpangaji naye aulizwe. Huyu husahauliwa sana. Rekebisha tarehe na saa ya kamera kabla ya picha ya kwanza, la sivyo mthamini, anayekadiria fidia, atakuwa na la kukukatalia. Piga nyumba nzima, kila upande, halafu X kwa karibu, na ufa ukiwa na futi kamba pembeni yake.

Nyuso huwa nyeusi kwa sababu kamera inapima mwanga wa anga, au wa ukuta wa chokaa. Pima usoni, au ongeza stopu 1, yaani mwanga mara mbili. Jua la saa 6 mchana liache. Saa 1 hadi 3 asubuhi ndiyo yenyewe. Ndani ya tembe weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600, kasi ya shata 1/60 ya sekunde, bila flashi: flashi inafuta masizi ya ukutani, na masizi hayo ndiyo miaka ya watu pale.

Asiyetaka kutambulika, piga mikono yake tu, GPS, inayoandika mahali kwenye picha, ikiwa imezimwa. WhatsApp hufinya picha. Tuma kama dokumenti.