Swali la Lugha: Mzunguko Usiozunguka

Mwanafunzi wa fizikia anayeandaa ikisiri ya tasnifu yake kwa Kiswahili ameniuliza kama ni sahihi kuandika "usafirishaji wa mizunguko na joto katika mifumo ya elektroni zenye uhusiano mkali", au kama "uchukuzi" ungefaa kuliko "usafirishaji".

Usafirishaji nitauvumilia, ingawa unanukia makontena. "Upitaji" ungetosha bila kumsumbua wakala wa forodha. Kinachonikera ni huo "mzunguko" uliowekwa badala ya "spin" ya Kiingereza (spini, sifa ya asili inayoifanya kila elektroni iwe kama sumaku ndogo), neno lililogeuzwa jamvi la wageni. Damu ina mzunguko, fedha ina mzunguko, hedhi ina mzunguko, ligi ina mzunguko wa pili, na sasa tumeitwika elektroni. Asili yake ni kitenzi "zunguka", ndugu wa kizunguzungu, ambacho ndicho anachoambulia msomaji.

Mwaka 1925, wanafizikia wa Kiholanzi Uhlenbeck na Goudsmit walipopendekeza kwamba elektroni ina spini, waliiwazia kama tufe dogo linalojizungusha. Mzee Lorentz, mwanafizikia mwenzao, akawaonyesha kwa hesabu kwamba uso wa tufe hilo ungelazimika kwenda kasi kuliko mwanga. Picha ikafa, jina likabaki. Kwa nini sisi tuliochelewa kufika tufukue maiti? Isitoshe, mwanafunzi yeyote wa sekondari amekwisha kufundishwa kwamba elektroni huzunguka kiini cha atomi, kwa hiyo mzunguko wake wa kwanza tayari una mwenyewe.

Chukua oksaidi ya lanthanamu na shaba, La2CuO4. Hesabu za kawaida za metali zingetabiri kwamba inapitisha umeme, lakini haipitishi, kwa sababu katika kila atomi ya shaba elektroni moja isiyo na mwenza imebanwa papo hapo: ikihamia kwa jirani, elektroni mbili zitakaa mahali pamoja, nazo husukumana vikali mno. Joto, hata hivyo, hupita, na sehemu yake hubebwa na spini zenyewe; spini moja ikiyumba huiyumbisha ya jirani, nayo ya jirani yake, hata wimbi likafika mbali ilhali kila elektroni imebaki pale ilipokuwa. Sasa mwandikie msomaji kwamba "mizunguko ya elektroni husafirisha joto". Ataziona elektroni zikizurura ndani ya kipande hicho zimebeba joto mgongoni, yaani kinyume kabisa cha jambo linalowafanya watafiti wahangaike kukipima.

Ama "uhusiano mkali", huo tuwaachie mawifi. Kiswahili kimejaliwa kauli ya kutendana, nayo inaieleza hali hii barabara: elektroni zinazoathiriana kwa nguvu.

Andika, basi, "upitaji wa spini na joto katika mifumo ya elektroni zinazoathiriana kwa nguvu", ukiiweka spini katika ngeli ya I-ZI: spini hii, spini hizi. Msimamizi wako aking'ang'ania usafirishaji, mwachie. Aking'ang'ania mzunguko, mwulize kwa adabu ni nini kinachozunguka.