Maswali na majibu: kuvuta trela kwenye mvua, ukungu na barafu

Fundi, mimi hubeba viazi kutoka Molo hadi Nakuru kwa pikapu na trela ndogo. Nikifika kilomita 70 kwa saa trela inaanza kuyumba, hasa mvua ikinyesha. Shida ni tairi?

Kabla ya tairi, niambie magunia yamepangwa vipi. Wapakiaji hupenda kujaza nyuma kwa sababu ndiko mlango uliko. Uzito ukizidi nyuma ya ekseli (mhimili wa magurudumu), pua ya trela huinuka na ndoano inayoiunganisha na pikapu hukosa kitu cha kuikandamiza. Ndoano inafaa kubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela: ikiwa ni kilo 1,200 pamoja na mzigo, hiyo ni kilo 120 hadi 180, mradi pikapu yenyewe imeruhusiwa kubeba hivyo. Sogeza magunia mawili matatu ya kilo 50 mbele ya ekseli, kisha ujaribu tena. Ikiyumba njiani, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani bila kupigana nao, na usikanyage breki kwa nguvu. Wapo wanaosema uongeze mwendo ili trela inyooke. Wasikilize ukiwa umekaa hotelini unakunywa chai, si ukiwa barabarani.

Kushuka kutoka Sachangwan hadi Salgaa nitumie gia gani?

Gia ndogo, na uiingize kabla mteremko haujaanza. Acha injini ikuzuie. Breki uziguse kidogo kidogo, maana zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kukataa kushika. Kuteremka frii ili kuokoa mafuta, usithubutu.

Ukungu wa Timboroa alfajiri: niwashe full?

Hapana. Mwanga wa full hugonga matone ya ukungu na kukurudia machoni. Tumia dimu. Hazadi nazo uziache hadi usimame, kwa sababu gari likitembea zinaficha indiketa. Kagua taa za trela kabla ya kutoka nyumbani. Nyaya zake hushika kutu haraka. Ukungu ukizidi, ingia kituo cha mafuta, usiegeshe ukingoni mwa barabara.

Natoa mashua Kisumu kwenda Naivasha. Nipunguze upepo wa tairi ndiyo zishike lami iliyolowa?

Usipunguze. Tairi laini hupata moto, na trela huyumba zaidi.

Mimi ni wa Bungoma, niko Minnesota. Desemba nataka kuvuta trela ya kulala hadi Texas. Ushauri wenu wa nyumbani unafaa huku?

Wa mzigo unafaa kabisa. Wa gia una hatari yake: kwenye barafu, ukishusha gia ghafla magurudumu ya nyuma yanaweza kuteleza, na trela ikaja kukupita kwa ubavu. Shusha mapema, taratibu. Zima kruzi kontroli, ile inayoshikilia mwendo bila mguu kwenye mafuta. Juu ya madaraja punguza mwendo hata kama barabara inaonekana kavu; baridi huyapiga juu na chini, kwa hiyo huganda kwanza. Theluji ikitangazwa, ahirisha siku moja. Na maji yote ya trela yamwage kabla ya kuondoka, la sivyo utafika Texas mabomba yamepasuka.