Utaongea Nao Nini? Jibu kwa Kijana Anayekwenda Kusoma Marekani

Wiki iliyopita niliandikiwa na msomaji wa Mwanza, kijana aliyepata nafasi ya kusoma uhandisi katika chuo kimoja cha Magharibi ya Kati ya Marekani. Baada ya salamu na maswali ya kawaida kuhusu baridi na nauli, aliuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Kaka, nimeambiwa huko watu wanaongea mpira wa vyuo tu. Mimi ni Simba damu, mpira wao wa Kimarekani wa kushika kwa mikono siujui. Nitaongea nao nini?" Nilisoma ujumbe huo ndani ya gari nikisubiri zamu yangu ianze, nikacheka peke yangu. Kisha kicheko kikakata, kwa sababu jibu la swali hilo lilinichukua miaka minane kulipata, na sikulipata bure.

Nilifika Columbus, Ohio, mwezi wa Agosti 2016, nikaajiriwa katika ghala moja nje ya mji kupanga maboksi. Miezi mitatu ya mwanzo haina simulizi. Nilikula peke yangu, nikarudi nyumbani, nikalala. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba Wamarekani ni watu wa ubaridi, na nilimwandikia mama hivyo, hali mimi mwenyewe sikuwa nimemuuliza mtu yeyote swali hata moja.

Jumamosi ya tarehe 26 Novemba mwaka huo, chumba cha mapumziko kilijaa kama sebule ya msiba. Ohio State, chuo kikuu cha hapa Columbus, walikuwa wakicheza na Michigan, chuo kikuu cha jimbo jirani la kaskazini. Kwa msomaji wa Dar es Salaam nitasema tu kwamba hawa ni watani wa jadi waliokutana kwa mara ya kwanza mwaka 1897, na kwamba utani wao una mambo ambayo Simba na Yanga hawajayafikia. Shabiki wa kweli wa Columbus hatamki jina la Michigan, bali husema "ile timu ya kaskazini", na wiki ya mechi herufi M katika mabango ya chuo huzibwa kwa utepe mwekundu. Hebu fikiria Msimbazi nzima ikizibwa herufi Y!

Mechi ilifika muda wa nyongeza wa pili. Mchezaji J.T. Barrett alikimbia na mpira hadi kwenye mstari alioutaka, akaangushwa hapohapo, na waamuzi wakarudia video kuhakikisha kama alifika au hakufika. Wakasema amefika, Ohio State wakashinda 30 kwa 27, na mashabiki wa Michigan wanaapa hadi leo kwamba hakufika. Nilimwuliza mzee aliyekaa kando yangu kwa nini watu wazima wanagombania urefu wa kiganja katika uwanja mkubwa namna ile. Mzee yule, mwalimu mstaafu aliyekuwa akifanya kazi za muda pale ghalani, alichukua vikopo vya chumvi na chupa ya tomato, akavipanga mezani, akanieleza kwamba timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, na ikishindwa huukabidhi kwa wapinzani. Alieleza kwa dakika 20, tukachelewa kurudi kazini, na msimamizi akatukaripia sote wawili. Ukaribisho mzuri kuliko ule sijaupata tangu nishuke kwenye ndege.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uulize. Usijifanye unajua. Shabiki hapendi kitu duniani kama mtu asiyejua anayetaka kujua.

Msimu uliofuata mzee alinialika kwenye kijiwe chao. Ninakiita kijiwe kwa sababu ndicho kilivyo, ingawa badala ya kahawa na kashata kuna nyama ya kuchoma, bia, na maharage yaliyotiwa sukari ambayo mimi mpaka leo siyawezi. Watu huegesha malori yao karibu na uwanja tangu asubuhi, hufungua nyuma, huwasha majiko na kufunga televisheni. Uwanja wa Ohio State unabeba watu zaidi ya 102,000, lakini wengi wa kijiwe chetu hawakuwa wakiingia, kwa kuwa tiketi ilikuwa imeshawapita kimo. Walikuwapo mwalimu, fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, muuguzi wa zamu za usiku, na wengine waliokuja na kuondoka.

Ilinichukua muda kutambua kwamba pale mpira ni kahawa tu. Mtu huanza kwa kumlaumu kocha, anapita kwenye bei ya mafuta, anaishia kwenye mkwe wake. Muuguzi ndiye aliyeniuliza, tukingoja nusu ya pili, kama ninachangia mfuko wa kustaafu wa pale kazini. Nikamwambia sina haja, mimi nitazeekea Moshi. Akanieleza kwamba mwajiri wetu huongeza fedha yake juu ya mchango wa mfanyakazi, na kwamba kwa kutochangia nilikuwa nimeacha mezani fedha ya mwaka mzima. Karatasi yenye maelezo hayo nilipewa siku ya kwanza kazini na sikuisoma.

Fundi naye aliniokoa bila kujua. Januari 2022 kampuni ya Intel ilitangaza kujenga viwanda vya dola bilioni 20 katika kaunti ya Licking, mashariki ya Columbus, na kiwanda cha kwanza kilitarajiwa kuanza kazi mwaka 2025. Mji ulichangamka, bei za nyumba za upande ule zikapaa, na mimi na jamaa zangu wawili tukaanza kupanga kukopa tununue nyumba ya kupangisha wafanyakazi wa kiwanda. Fundi alikuwa ametumia maisha yake katika maeneo ya ujenzi, na alisema neno moja tu huku akigeuza soseji: subirini muone nguzo zikisimama. Tulisubiri. Riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30, iliyokuwa juu kidogo ya asilimia 3 mwanzoni mwa mwaka 2022, ilikaribia asilimia 8 kufikia Oktoba 2023, na Februari 2025 kampuni ikatangaza kwamba kiwanda cha kwanza hakitaanza uzalishaji kabla ya mwaka 2030. Jamaa mmoja hakusubiri. Simsemi.

Na mimi nilikuwa na changu cha kutoa. Siku moja niliwasimulia kuhusu Suleiman Nyambui, Mtanzania aliyekimbia katika Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso, akatwaa mataji ya vyuo hadi wenyeji wakachoka, na mwaka 1980 akapata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow. Walinyamaza wote, na nilijiona nimerefuka. Mzee akajibu kwa Jesse Owens, aliyekuwa mwanariadha wa Ohio State, ambaye tarehe 25 Mei 1935 alivunja rekodi tatu za dunia na kuifikia ya nne katika muda usiofika saa nzima, na jambo hilo alilifanyia Ann Arbor, nyumbani kwa ile timu ya kaskazini. Kisha akaongeza kwamba Owens hakuwa na ufadhili wa masomo, bali aliendesha lifti katika jengo la serikali ya jimbo ili apate ada. Tulizungumzia ada hadi giza likaingia.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Tarehe 1 Januari 2023 kubeti michezo kuliruhusiwa rasmi katika jimbo la Ohio, na simu yangu ikajaa matangazo ya zawadi za kujiunga. Nilianza na dola 10. Nilijidanganya kwamba miaka sita ya kijiwe imenipa elimu ambayo wengine hawana. Mikeka ilichanika, nikaweka zaidi ili kurudisha, ikachanika tena. Tarehe 30 Novemba 2024 Michigan walikuja Columbus wakiwa dhaifu kuliko miaka mingi, na hakuna aliyewapa nafasi. Niliweka dola 1,400, ambazo sehemu kubwa ilikuwa ya mabati ya nyumba ya mama. Ohio State walifungwa 13 kwa 10 mbele ya macho yangu.

Fedha iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni maneno niliyoyatoa. Nilisimama katikati ya kijiwe nikasema kwamba hawa si wanafunzi tena, wanalipwa mamilioni, basi na watukanwe kama waajiriwa wengine wazembe, na kwamba anayelilia michezo ya vyuo ya zamani ni mjinga. Ni kweli kwamba tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kupata fedha kutokana na majina na picha zao. Wakati huo pia kulikuwa na makubaliano yakisubiri mahakama, ambayo yangeruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja na papo hapo yangeweka kikomo cha idadi ya wanamichezo katika kila timu. Yalikuja kuidhinishwa Juni 2025, na kiwango cha juu cha mwaka wa kwanza kikawa kama dola milioni 20.5 kwa chuo. Kile ambacho sikukijua, kwa sababu wiki hizo sikuwa nikisikiliza mtu ila simu yangu, ni kwamba binti wa muuguzi alikuwa muogeleaji asiye na ufadhili katika chuo kingine, na alikuwa ameambiwa mwezi uliopita kwamba msimu ujao hatakuwa na nafasi. Mama yake alikuwa amelisema pale kijiweni. Mimi nilikuwapo.

Hakuna aliyenijibu. Muuguzi alikunja kiti chake akaenda garini.

Tarehe 20 Januari 2025 Ohio State waliifunga Notre Dame 34 kwa 23 mjini Atlanta wakawa mabingwa wa taifa. Kijiwe kilikutana nyumbani kwa mzee. Mimi sikuitwa, na nilitazama peke yangu kitandani kama mwaka ule wa kwanza, huku majirani wakipiga kelele barabarani. Niseme ukweli kwamba bado naona wangeniita. Vijana, mchezo wa kubahatisha hauli fedha tu. Unakula masikio. Anayebeti hasikilizi tena, anangoja tu matokeo yake, na watu hulitambua jambo hilo mapema kuliko yeye. Kaeni, sikilizeni, ulizeni, na msiweke fedha. Nimelisema hili mara ngapi? Nitalisema tena.

Mabati ya mama yaliezekwa mwezi wa Machi, baada ya mvua kuanza na godoro moja kuharibika. Tarehe 30 Agosti 2025, siku ya mechi ya kwanza dhidi ya Texas, nilikwenda kijiweni na sambusa 60 na maneno niliyokuwa nimeyaandika kwenye karatasi. Muuguzi alichukua sambusa mbili, akaniambia nisome karatasi yangu baadaye kwa sababu mpira umeanza.

Umeuliza pia, mdogo wangu, kama ununue jezi ya chuo chako kabla hujaondoka ili ufanane nao. Usinunue. Kofia yangu niliipata kwa dola 4 katika duka la mitumba la hapahapa, na ina doa la rangi ambalo limeshanianzishia mazungumzo mengi. Ila ukija kunitembelea Columbus mwezi wa Novemba, usivae bluu na njano za ile timu ya kaskazini.