Maswali ya Wafugaji: Kwa Nini Vifaranga Waliokamilika Hufia Ndani ya Ganda?

SWALI: Mhariri, baada ya salamu, ninaomba msaada. Nina mashine ndogo ya kutotolea vifaranga, ile isiyokuwa na feni, inayopata joto kutoka kwenye balbu za kifunikoni. Niliweka mayai 30 ya kuku wangu mwenyewe. Siku ya saba niliyamulika kwa tochi nikaondoa manne yasiyokuwa na mbegu. Yaliyobaki niliyageuza mara tatu kwa siku, visahani vyote viwili vikiwa vimejaa maji tangu siku ya kwanza, na kila jioni niliyanyunyizia maji kidogo ili yasikauke. Kipimajoto kilichoning'inia chini ya kifuniko kilionyesha nyuzi 37.5 muda wote. Vifaranga wa kwanza walitoka siku ya 22 jioni, na kufikia siku ya 24 walikuwa tisa tu. Nilipopasua mayai 17 yaliyosalia, mengi yalikuwa na vifaranga waliokamilika, wenye manyoya, lakini wamevimba na kulowa. Wengine kiini kilikuwa bado hakijaingia tumboni. Nimekosea wapi?

JIBU: Umefanya jambo ambalo wafugaji wengi hawalifanyi: umeyapasua mayai viza badala ya kuyatupa shimoni kwa hasira. Bila hayo uliyoyaona, ningebaki kukisia tu. Kifaranga aliyevimba na kulowa, ambaye hakuwahi hata kulidonoa ganda, aghalabu ni dalili ya unyevu uliozidi. Na kuchelewa hadi siku ya 22, wakati mayai ya kuku huanguliwa siku ya 21, ni dalili ya joto pungufu. Ninaamini mashine yako ilikuwa na kasoro zote mbili kwa pamoja.

Tuanze na unyevu, kwa kuwa ndio unaowaponza wengi wenye nia njema. Ganda la yai lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho, na katika siku zote za kuatamiwa maji hutoka polepole kupitia humo. Kadiri maji yanavyopungua, ndivyo kifuko cha hewa kilichopo upande butu wa yai kinavyotanuka. Kifaranga anapokaribia kuanguliwa, hutoboa kwanza utando wa kifuko hicho na kuvuta humo pumzi yake ya kwanza, kabla hajaligusa ganda lenyewe. Yai ambalo halikupoteza maji ya kutosha huwa na kifuko kidogo, na kifaranga aliye ndani yake amejaa maji kiasi cha kukosa nafasi ya kujigeuza. Hewa humwishia, hufa akiwa amebakiza hatua moja tu kutoka. Kwa hiyo yale maji uliyoyanyunyiza kila jioni ili mayai yasikauke yaliyazuia yasikauke hata pale yalipopaswa kukauka.

Katika siku 18 za mwanzo, unyevu wa asilimia 45 hadi 55 unatosha, na kwa mashine nyingi ndogo hilo hupatikana kwa kujaza kisahani kimoja tu. Siku tatu za mwisho ndipo unapoupandisha hadi asilimia 65 au 70, ili utando wa ndani usikauke na kumbana kifaranga anapojitahidi kutoka. Ikiwa huna kipimaunyevu, au unacho lakini hukiamini (mimi vile vya bei nafuu sikuviamini kamwe), tumia mizani ya jikoni. Pima uzito wa mayai yote siku unapoyaweka, kisha uyapime tena siku ya 7, ya 14 na ya 18, ukilinganisha kila mara mayai yaleyale. Kufikia siku ya 18 yanapaswa kuwa yamepoteza takriban asilimia 12 hadi 14 ya uzito wa awali, maana yake yai la gramu 60 libaki na gramu 52 au 53. Yakipungua polepole mno, punguza maji. Yakipungua haraka mno, ongeza. Mizani haikuambii hewa ya mashine ikoje, bali inakuambia kilichotokea ndani ya yai, na hicho ndicho tunachokitafuta.

Sasa joto. Katika mashine yenye feni hewa huchanganyika, hivyo nyuzi 37.5 mahali pamoja ni karibu nyuzi 37.5 kila mahali. Katika mashine isiyokuwa na feni, hewa ya moto hukaa juu na iliyopoa hushuka chini. Kipimajoto chako kilikuwa jirani na balbu, ilhali mayai yalikuwa chini, na hapana shaka kwamba yalipata joto dogo kuliko ulilolisoma. Kishushe hadi kichwa chake kilingane na mgongo wa mayai, kisha urekebishe joto mpaka kisome takriban nyuzi 38.5 hapo, kiwango hicho kinazidi kile cha mashine ya feni kwa sababu sehemu ya chini ya yai itakuwa imepoa zaidi. Kabla ya hayo hakikisha kipimajoto chenyewe ni kikweli: kiweke kando ya kile cha kupimia homa, vyote katika maji ya vuguvugu, uone kama vinakubaliana. Iache mashine ifanye kazi tupu kwa saa 24 kabla ya kuweka yai hata moja.

Kuhusu kuyageuza, ulifanya vyema, mradi uliacha siku ya 18. Hesabu ya witri, yaani mara tatu au tano, ina faida kwamba upande unaolala usiku kucha leo hautakuwa uleule kesho.

SWALI: Umeme ulikatika kwa saa nne siku ya kumi. Je, niyatupe mayai?

JIBU: Usiyatupe. Kuku anayeatamia huondoka kiotani kila siku kutafuta chakula na maji, na mayai hupoa kidogo bila madhara. Saa nne ni nyingi kuliko hizo, lakini viinitete wengi, yaani vifaranga wanaokua ndani ya mayai, huvumilia, ingawa huenda wakachelewa kuanguliwa kwa siku moja hivi. Umeme ukikatika tena, usiifungue mashine. Ifunike kwa blanketi bila kuziba matundu ya hewa. Subiri siku nne, kisha uyamulike: kiinitete hai huonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika na huenda ukamwona akicheza, ilhali aliyekufa mapema mara nyingi huacha duara la damu. Linalonitia hofu zaidi ni joto kuzidi, kwa sababu nyuzi 41 kwa saa chache zinaweza kuangamiza mayai ambayo ubaridi wa muda huohuo usingeyadhuru.

SWALI: Kifaranga amedonoa ganda tangu asubuhi na sasa ni jioni, hatoki. Nimsaidie?

JIBU: Bado. Kati ya kudonoa na kutoka hupita kwa kawaida saa 12 hadi 24, na katika muda huo unaouona kama wa mateso, kifaranga anamalizia kuvuta kiini tumboni huku damu iliyo katika mishipa ya utando ikirudi mwilini mwake. Ukimenya ganda mapema, mishipa hiyo hukatika naye huvuja damu. Tena kila unapofungua kifuniko unyevu hutoroka, na wenzake waliokwisha kudonoa hukaukiwa na utando. Unaweza kumwokoa mmoja ukawapoteza watatu. Zikipita saa 24 bila maendeleo, na utando umekauka kama karatasi, ulowanishe kwa maji ya vuguvugu kwa pamba, ubandue ganda kidogo kidogo kuanzia pale alipotoboa, na usimame mara uonapo damu. Waliokwisha kutoka waache humo hadi wakauke. Kiini walichokivuta kinawatosha kwa siku mbili.

SWALI: Nakusanya mayai kidogo kidogo. Yanaweza kukaa siku ngapi kabla ya kuwekwa kwenye mashine?

JIBU: Siku saba. Baada ya hapo uwezekano wa kuanguliwa hushuka kadiri siku zinavyosonga. Yahifadhi mahali penye ubaridi wa nyuzi 13 hadi 18, ncha iliyochongoka ikielekea chini, wala usiyaweke kwenye jokofu. Usiyaoshe, kwa kuwa maji huondoa utando unaozuia vijidudu kupenya ganda. Yai lililochafuka sana heri ulile. Siku ya kuyaweka, yaache kwanza yapate joto la chumba kwa saa kadhaa, yasije yakatoa jasho ndani ya mashine.

SWALI: Naweza kuchanganya mayai ya bata na ya kuku?

JIBU: Unaweza. Ya bata wa kawaida huchukua siku 28, hivyo yaweke siku saba kabla ya yale ya kuku, ili wote waanguliwe pamoja na usilazimike kupandisha unyevu mara mbili.