Zawadi ya mtoto anayetimiza mwaka: nunua ya Jumatatu

Kwenye ukoo wetu watoto wanazaliwa kwa mkupuo. Kwa dada zangu mimi ni mama mdogo, kwa kaka zangu ni shangazi, na haupiti muda mrefu kabla kadi nyingine haijaingia kwenye kundi la WhatsApp la familia: mtoto katimiza mwaka, Jumamosi saa tisa alasiri, mavazi rangi ya maziwa, karibuni sana. Hapo naanza kuwaza nimpelekee nini mtu ambaye hajui kama kuna sherehe, na ambaye ukimpa kitu ndani ya boksi zuri atakiacha kitu acheze na boksi.

Ninachoshauri ni kununua zawadi ya Jumatatu. Jumamosi kuna keki, maputo, MC, na zawadi zinazopokelewa kwa vigelegele. Jumatatu baba karudi kazini, mama au dada wa kazi kabaki na mtoto sebuleni, mtoto anavuta kila kinachovutika, na ndipo inapojulikana zawadi ilinunuliwa kwa ajili ya nani. Nyingi zilinunuliwa kwa ajili ya wageni. Gari kubwa la betri, la kupanda, lenye taa na honi, linapendeza sana likiingia limebebwa na watu wawili. Lakini nyumba zetu za kupanga tunazijua: ukishaweka kochi, kabati la tivii na friji, kilichobaki ni njia ya kupita. Lile gari litakaa barazani kwa miaka miwili, betri ikifa taratibu, mpaka mwenyewe apate miguu ya kulifikia.

Kwa hiyo kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo, kama uko Dar kama mimi, mpigie mama mtu. Usimuulize "nije na nini", maana atakujibu "wewe njoo tu", na heshima inamzuia kusema zaidi. Muulize kitu gani kinamchosha siku hizi. Nilipomuuliza hivyo wifi yangu wa Tabata, jibu lilitoka bila kufikiri: "Wifi, huyu hataki tena kukaa chini. Anataka kusimama saa zote, anishike mimi. Nashindwa hata kupika." Hapo zawadi imeshajitaja.

Umri huu ndivyo ulivyo. Mtoto anajishikiza kwenye kochi, anajivuta, anasimama, anatembea pembeni pembeni akilishikilia. Watoto wazima wa afya huanza kutembea wenyewe popote kati ya miezi 8 na 18 hivi, kwa hiyo siku ya keki mmoja anakimbia na mwenzake bado anatambaa, na wote wako sawa. Vidole vimeshajua kuokota: atachukua punje ya mchele sakafuni ambayo wewe hukuiona. Anapenda kuingiza vitu kwenye chombo na kuvitoa, kugonga, kuangusha na kukutazama uokote. Na kila kitu kinaonjwa.

Kwa shida kama ya wifi yangu, wengi wangekimbilia woka, kile kiti cha magurudumu ambacho mtoto anakalishwa katikati. Mimi siinunui na sishauri mtu ainunue. Canada walipiga marufuku kuiuza tangu 2004, kwa sababu watoto walikuwa wanaporomoka nazo kwenye ngazi, na zinampa mtoto mwendo na urefu wa kufikia alichokuwa hakifikii. Haimuwahishi kutembea pia. Sasa fikiria kwetu, ambapo jiko la mkaa liko chini uani na sufuria ya maharage iko juu yake.

Nilienda Keko kwa mafundi seremala. Nilitaka kigari cha kusukuma, kile ambacho mtoto anasimama nyuma yake, anashika mpini na kutembea kwa miguu yake mwenyewe. Fundi alizoea vitanda na makabati, akanicheka kidogo. "Dada, hiki mbona kama toroli la wabeba mizigo?" Ndiyo, fundi, toroli hilohilo, ila la mtu mwenye urefu wa sentimita 75. Tulikubaliana atumie msonobari, kwa sababu ni mwepesi na alikuwa na vipande vilivyobaki kwenye kazi nyingine. Mninga ni mzuri lakini bei yake na uzito wake si vya mchezo. Alianzia shilingi 60,000, tukamalizana kwa 35,000.

Kama utatengenezesha, simamia mambo machache. Mpini ufike kifuani kwa mtoto, kama sentimita 45 hadi 50 kutoka chini. Ukiwa juu zaidi ananing'inia, ukiwa chini anainama na kuangukia mbele. Kisanduku kiwe kipana kuliko mpini ili kisipinduke. Skrubu, siyo misumari, kwa sababu msumari unatoka polepole na hakuna anayeuona ukitoka. Msasa upite kila kona mpaka wewe mwenyewe upitishe shavu lako bila kukwaruzwa. Rangi niliikataa kabisa: rangi ya mafuta inaweza kuwa na madini ya risasi, na kile kigari kitatafunwa kabla ya kusukumwa. Kilipakwa nta ya nyuki tu. Halafu kuna utelezi. Matairi ya mbao kwenye marumaru yanakimbia kuliko mtoto, basi fundi akakata vipande vya tyubu ya baiskeli akavivisha matairi. Wifi anaweka mfuko wa mchele wa kilo mbili ndani ya kisanduku, kinakuwa kizito, mtoto anasukuma taratibu. Alipojua kutembea vizuri, mchele ulitoka na kikawa gari la kubebea viatu vya watu wote wa nyumbani.

Si kila mtu ana Keko karibu, na mitaa ya Kongo na Msimbazi imejaa vya kuchezea vya bei zote. Nenda, ila nenda na lile duara la karatasi gumu linalobaki tishu ya chooni ikiisha. Kitu chochote, au kipande chochote kinachoweza kung'oka, kikipita ndani ya duara hilo, kinaweza kumkaba mtoto wa umri huu. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae. Vuta macho ya mdoli, vuta magurudumu ya gari, kama yanacheza mkononi mwako rudisha. Kamba isifike shubiri moja. Na kama kinaimba au kuwaka, geuza uangalie mlango wa betri: uwe umefungwa kwa skrubu. Zile betri bapa mfano wa sarafu ndizo ninazoziogopa kuliko vyote. Ikimezwa ikakwama kooni, inaanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili, na mtoto hawezi kukueleza amemeza nini. Ukihisi tu, ni hospitali moja kwa moja, usisubiri itoke.

Vya mtumba navipenda, sioni aibu. Vyombo vya plastiki vinavyoingiana, matofali makubwa ya kupanga, pete za kuvalisha kwenye mti, vyote vinaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, vikaanikwa juani, vikarudi kuwa vipya. Midoli ya manyoya ya mtumba naiacha hukohuko. Kwa joto na vumbi la Dar hata mpya inachoka.

Zawadi iliyopendwa kuliko zote nilizowahi kupeleka haikutoka dukani. Mtoto wa dada yangu yuko Dar, bibi mzaa mama yuko Moshi, babu mzaa baba yuko Tanga, wajomba wamesambaa mpaka Muscat. Watu hawa anawaona kwenye simu, wakikatika katika. Nilichagua picha ya kila mmoja, sura peke yake, kubwa, bila kundi la watu nyuma. Nikazisafisha, nikapeleka steshenari zikawekewa plastiki ngumu, kona zikakatwa mviringo zisichome, zikatobolewa na kufungwa kwa utepe mfupi. Kitabu cha kurasa chache ambacho kinaweza kutafunwa, kumwagiwa uji, na kufutwa kwa kitambaa. Dada alikuwa anakifungua kila wakati wa kumlisha: "Bibi yuko wapi? Bibi huyu hapa!" Bibi aliposhuka mjini kwa basi miezi kadhaa baadaye, mtoto alimtazama sana, hakulia. Wanaojua mtoto wa umri huo anavyompokea mgeni wataelewa ukubwa wa jambo hilo. Ongeza ukurasa wa mbuzi, wa daladala na wa kikombe chake mwenyewe, mtachoka ninyi kabla yake.

Mjomba wa Muscat yeye alitaka kuleta kishikwambi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja hapaswi kukalishwa mbele ya skrini. Nilimtumia ujumbe huo kwa adabu, nikamwambia, "Mjomba, hela hiyo tusimnyime, tuibadilishie njia." Ikaenda UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwenye Mfuko wa Watoto, ambao upo tangu 2008 na ambao unanunuliwa vipande kwa jina la mtoto aliye chini ya miaka 18. Benki nazo zina akaunti za watoto. NMB na CRDB wote wanazo. Zawadi ya namna hii nzuri ni ya ndugu kuchangia pamoja, kila mwenye nafasi aongeze baadaye. Ila inadai cheti cha kuzaliwa, na mnajua ni nyumba ngapi ambazo mtoto ana mwaka na bado ana tangazo tu la kizazi ndani ya mkoba wa mama. Kumfuatilia cheti RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ukampelekea kikiwa ndani ya bahasha ngumu ya plastiki pamoja na nafasi ya kadi ya kliniki, hiyo nayo ni zawadi, tena wachache wataifikiria. Kadi yenyewe bado ina kazi: chanjo ya pili ya surua ni miezi 18.

Dhahabu ni eneo la mabibi, siingilii sana. Kama ni hereni, ziwe za kufunga kwa skrubu, na mama azikague kila anapomwogesha.

Nguo nunua ya mbele, ya miezi 18 hadi 24, pamba, bila shanga wala lulu za kung'oka. Gauni la kifalme lenye wavu unaowasha litavaliwa kwa picha tatu. Kama mtoto yuko Iringa au Njombe na sherehe inaangukia Juni, peleka sweta na usifikirie tena.

Na mama mtu naye asisahaulike, amemaliza mwaka mzima wa kuamka usiku. Doti ya khanga inafaa: atajifunga, atambebea mtoto kama mbeleko, atamfunika akisinzia kwenye bodaboda. Ila soma jina la khanga kabla hujalipa. Nusu ya majina ni vijembe, na khanga ya wifi kwa wifi yake inasomwa mara mbili.

Kuhusu siku ya kupeleka, mimi hupeleka kabla au baada. Siku yenyewe mtoto kachoka, kabebwa na watu asiowajua, na akipewa kitu kipya kinapotea kwenye rundo. Nenda Jumapili jioni, kaa chini naye sakafuni, mfungulie mwenyewe, mwonyeshe mara moja halafu nyamaza umwache. Kama uko mbali na umeamua kutuma hela, itume siku chache kabla, umwandikie mama ni ya nini. Jumamosi ya sherehe simu yake iko mikononi mwa mpiga picha, na salio limeshaingia kwenye soda.