Tangi linavuja chini ya sheli: nani alipe?

Pole sana, ndugu. Unauliza kama mfuko wa serikali kuu ya Marekani utalipia tangi linalovuja kwenye sheli uliyonunua Minnesota. Mfuko huo, ulioanzishwa 1986 na unaokusanya kodi ya sehemu ya kumi ya senti kwa kila galoni ya mafuta, kimsingi ni wa usimamizi na wa maeneo ambayo mwenyewe hajulikani au hana uwezo. Wewe kimbilia Petrofund, mfuko wa jimbo wa kusafisha mafuta yaliyovuja: hurudisha hadi asilimia 90 ya gharama zinazokubalika. Hurudisha, umesikia? Unatangulia kulipa wewe. Toa taarifa leo leo, usingoje harufu ya petroli ifike kisimani kwa jirani. Ukichelewa wanaweza kukupunguzia malipo. Mkandarasi akupe bei kwa maandishi kabla hajagusa udongo, na risiti zote tunza, hata ya lori.